Ng'ombe wa Sekunde Nne

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, kisikio kimoja kwake, kingine kwangu, waya mfupi ukitulazimisha kubanana mabega. Ndani ya waya ule alikuwa akizungumza yeye mwenyewe. Siku hiyo sauti yake ilianza vizuri, kisha ikaanza kuzama. Ikawa nzito, ikajivuta, kila neno likafika kwa kuchelewa kama mzee anayepanda ngazi. Nikanyoosha mkono nizime. Akanishika kiganja.

"Acha," alisema. "Huyo ni baba."

Ilikuwa 1996, Ihanja, enzi ambazo bado tuko Singida Vijijini na wilaya ya Ikungi haijazaliwa. Nilikuwa darasa la sita. Baba yake Bibi alikuwa amefariki miaka mingi kabla yangu. Sikuwahi kumwona wala kuiona picha yake, na nadhani hakuwahi kupigwa hata moja. Mimi nilisikia mashine mbovu. Yeye alisikia mtu. Tulikaa hivyo, mimi nikihesabu hasara ya betri, yeye amefumba macho, mpaka sauti ikazama kabisa na kusimama.

Mashine yenyewe ilikuwa kile kiredio kidogo cha kaseti cha kuning'iniza kiunoni, ambacho kila mtu alikiita Walkman hata kama Sony wenyewe wangekikana mchana kweupe. Ya kwetu ilikuwa na jina linalofanana na la kampuni moja kubwa ya Japani, tofauti herufi moja tu, na herufi hiyo ilikuwa imeshaanza kufutika. Walkman ya kwanza kabisa ya Sony, iliyotoka Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize pamoja. Ya kwetu ilikuwa na tundu moja, na ndiyo maana mabega yangu yanamkumbuka Bibi kuliko macho.

Ililetwa na baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alipokuja Krismasi ya 1995. Alikuja pia na redio kaseti kubwa ya spika mbili yenye kitufe chekundu cha kurekodia, na jioni ya tarehe 26 akaamua kumrekodi mama yake. Hatukuwa na kaseti tupu. Akachukua moja ya muziki wa Mlimani Park, iliyokuwa imevunjwa yale meno mawili ya plastiki kwa nyuma ili isirekodike juu yake, akaziba matundu kwa karatasi iliyokunjwa, akabonyeza. Bibi akazungumza kwa Kinyaturu dakika 11. Alipochoka akasema basi, baba mdogo akazima. Hivyo mpaka leo kwenye kaseti ile, Bibi anaposema basi, kinasikika kishindo kidogo, halafu magitaa yanaingia katikati ya ubeti kana kwamba bendi nzima ilikuwa nyuma ya mlango ikimsubiri amalize.

Alichozungumza, sehemu kubwa, ni mahari yake. Aliwataja ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake, mmoja mmoja, kwa rangi, kwa pembe, kwa zizi alikotoka kila mmoja na alikoishia. Harold Schneider, Mmarekani aliyeandika kitabu kizima kuhusu uchumi wa Wanyaturu kilichotoka 1970, aliwaweka ng'ombe katikati ya hesabu zake. Bibi hakusoma kitabu hicho wala kingine chochote, lakini ukimsikiliza unaona hesabu zake zilianzia palepale. Mwanzoni kabisa anasema walikuwa 12. Shikilia namba hiyo.

Baba mdogo aliporudi Dar aliondoka na redio kubwa, akatuachia kile kidogo pamoja na kaseti. Kikaimba miezi minane. Halafu ndipo akatokea baba yake Bibi.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile lililofanywa na kila nyumba isiyo na umeme: nilizitoa betri mbili nikazianika. Juu ya dari la tembe, udongo unaposhika joto la saa saba, tulikuwa tunaanika mtama, uwele, mlenda na betri. Betri kavu ikipata joto hujikusanya kidogo, kemikali zake huchangamka, ikakupa nusu saa ambayo jana ilikataa kukupa. Nilizishusha jioni zikiwa moto, nikazirudisha. Sauti ikaja nzito vilevile. Nikauza mayai, nikanunua betri mpya, za National, zilizotengenezwa kiwanda cha Dar es Salaam. Vilevile. Hasara ya mayai iliniuma, lakini ilinifundisha jambo ambalo mafundi wengi wa mjini niliowaona baadaye wanaliruka: ugonjwa ufuatwe kuanzia chakula kinapoingilia. Nilikuwa nimeshajua kwamba chakula ni kizuri. Basi tatizo lilikuwa mbele zaidi, kati ya tumbo na mguu.

Neno la mguu nilipewa na fundi baiskeli aliyekaa chini ya mwarobaini karibu na madukani. Nilimpelekea nikidhani atacheka. Hakucheka. Alikigeuza, akakitikisa sikioni kama mtu anayepima nazi, akaniuliza, "Mota inalia?" Nikamwambia inalia. "Inalia sawasawa, au nayo inalegea?" Sikujua. Akanirudishia. "Nenda kasikilize kwanza. Mtu akikanyaga pedeli kwa nguvu na baiskeli haiendi, usimlaumu mtu. Angalia mnyororo."

Usiku nilikiweka sikioni bila kaseti, nikabonyeza. Mota ilikuwa inalia mlio mmoja, mwembamba, thabiti. Nilipoweka kaseti mlio haukubadilika, ila magurudumu mawili yanayosokota utepe yakawa yanasitasita. Mtu alikuwa anakanyaga pedeli. Mnyororo ndio uliokuwa unateleza.

Sikuwa na bisibisi. Nilichukua spoku, nikaiponda ncha kwa jiwe, nikainoa kwenye mwamba nyuma ya nyumba (mawe ni kitu ambacho Singida hatujawahi kupungukiwa) mpaka ikapata makali manne ya kuingia kwenye skrubu za nyota. Ilinichukua siku mbili. Skrubu zilikuwa nne, na hazikuwa na urefu sawa: mbili fupi, mbili ndefu. Hili sikuligundua wakati wa kufungua. Niliona wakati wa kufunga, skrubu ndefu ilipotokea upande wa pili wa plastiki kama jino la ngiri. Tangu siku hiyo kila skrubu ninayotoa naichomeka kwenye karatasi niliyochora umbo la kifaa, mahali pake ilipotoka.

Lakini kwanza kuku. Nilikuwa nimeziweka skrubu kwenye kifuniko cha soda, sakafuni. Tetea mmoja akapita, akageuza shingo, akadonoa mara moja. Zikabaki tatu. Niliinuka kumkimbiza, Bibi akanizuia. "Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita, "huyo hajaila, ameiweka." Tulimchinja Krismasi iliyofuata, miezi minne baadaye, na skrubu ilikuwepo ndani ya firigisi, imeng'arishwa na kokoto kuliko ilivyokuwa mpya. Kwa miezi minne yote kifuniko cha kiredio kilifungwa kwa skrubu tatu na uzi.

Ndani kulikuwa na vitu vichache kuliko nilivyoogopa. Mota ndogo kama kizibo cha chupa ya dawa. Kwenye ncha yake kigurudumu cha shaba. Kutoka hapo, mpira mweusi mwembamba, mraba, unaozunguka mpaka kwenye gurudumu zito la chuma. Katikati ya gurudumu hilo kuna kipini chembamba kinachong'aa, ambacho hutokeza upande wa pili, upande wa kaseti. Pale kuna kigurudumu cha mpira kinachoubana utepe dhidi ya kipini, na kipini kikizunguka, utepe unavutwa kupita mbele ya hedi. Kazi yote ni hiyo. Hedi inasoma tu kinachopita. Haijui kama kinapita haraka au polepole. Tangu Philips walipoitoa kaseti mwaka 1963, kazi ya Mholanzi Lou Ottens na wenzake, utepe wenye upana usiofika hata milimita 4 umepangiwa kupita kwa sentimita 4.76 kila sekunde, Eindhoven kwa Philips na Ihanja kwetu. Ukipita kwa sentimita tatu na nusu, mwanamke anakuwa mwanamume.

Ule mpira ndio ulikuwa mnyororo. Niliunyanyua kwa ncha ya mwiba ukaja bila kubisha, umelegea kama lastiki ya kaptula kuukuu. Ulipaswa kukaza.

Hapa nilianza kuwa fundi wa haraka, na fundi wa haraka ni ugonjwa wa pili. Nilikata duara kwenye tyubu ya baiskeli kwa wembe, nikalivisha. Sauti ya Bibi ikarudi juu, lakini inatetemeka, kama mtu anayezungumza akiwa juu ya punda. Nilikuwa nimekata vizuri kwa kadiri ya macho ya mtoto, ila mpira wa kaseti hauamuliwi na macho. Palipozidi unene hata kwa unywele, gurudumu liliruka kidogo, na kila mruko ukasikika. Nikajaribu rababendi ya kufungia noti, niliyopewa na mwenye duka. Hiyo ilikuwa nzuri sana, kwa siku mbili, kisha ikakatika na kujisokota kwenye mota.

Dawa ilitoka kwa mwanafunzi mwenzangu, ambaye kaka yake alikuwa amewahi kukaa kwa fundi redio mjini Singida: uchemshe mpira wenyewe wa asili. Niliuosha kwa sabuni, nikauweka kwenye kisufuria, maji yakachemka. Bibi alichungulia. "Leo tunakula hicho?" Dakika kumi hivi, nikautoa, nikauanika kivulini. Ulikuwa umejikunja, umepungua kiasi cha kuhisi kwa vidole tu. Nilipouvisha, ulibisha. Nikaweka kaseti. Bibi akazungumza kama Bibi.

Karibu. Ilikuwa bado chini kidogo. Nyuma ya mota niliona kitundu kidogo sana, na ndani ya kitundu skrubu. Kitundu chenye skrubu ndani mbele ya mtoto wa miaka 13 ni kishawishi kisichohitaji shetani. Nikaigeuza. Bibi akawa msichana. Nikaigeuza kinyume. Akawa babu. Nilikuwa nimegundua usukani wa mwendo, na papo hapo nilikuwa nimepoteza alama ilipokuwa.

Nitajuaje mwendo wa kweli? Nikaona nina akili. Mwisho wa kaseti kuna muziki, na muziki ule ule ulikuwa unapigwa Radio Tanzania. Siku tano nilikaa karibu na redio ya nyumbani jioni, kaseti imesimamishwa tayari palipo na magitaa, nikisubiri watangazaji waupige wimbo wangu. Siku ya sita wakaupiga. Nikawa na gitaa la Dar es Salaam sikio moja na gitaa la utepe sikio jingine, nikazungusha skrubu kidogo kidogo mpaka magitaa mawili yakawa moja. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipoirudisha kaseti mwanzo. Bibi alikuwa anaongea kwa kasi ya mtu anayekimbilia basi.

Ilinichukua muda kuelewa. Wimbo ulikuwa umenakiliwa na mashine moja, pengine kwenye kibanda fulani cha kuuzia kaseti, kwa mwendo wa mashine ile. Bibi alirekodiwa na mashine nyingine, kwa mwendo wa hiyo nyingine. Kwenye utepe mmoja kulikuwa na mashine mbili zisizokubaliana, na ya tatu ilikuwa mkononi mwangu. Hapakuwa na mwendo mmoja wa kweli wa kaseti nzima. Ilibidi nichague nani azungumze sawasawa, Bibi au Mlimani Park, na bendi ikashindwa.

Kipimo cha Bibi nilikuwa nacho, kimekaa kwenye kigoda kinachambua mboga. Nilimwomba aseme maneno yaleyale ya mwanzo, "walikuwa 12", kwa Kinyaturu, mara kumi, mara ishirini. Alisema huku akicheka. Mimi nikazungusha. Ilipofika, nilijua bila kuuliza mtu. Nikampa visikio vyote viwili asikilize mwenyewe kazi yangu.

Akasikiliza. Akavitoa. "Huyu ni nani?"

Niliudhika. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa mkweli. Mtu anapozungumza hujisikia kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya kichwa chake, na mifupa huongeza uzito. Akijisikia kwenye kaseti anapata ya hewani peke yake, nyembamba, ya mgeni. Kila mmoja wetu anajijua kwa sauti nzito kuliko ile ambayo wengine wanamsikia nayo. Sauti ya mashine mbovu haikuwa yake hasa, lakini ilikuwa upande wa kwao.

"Yule mwingine yuko wapi?" aliuliza. Nikamwambia nimemtengeneza. Akanyamaza, akarudi kwenye mboga zake. Sikumsikia akinung'unika. Ila sijasahau kwamba nilifanya kazi ya wiki tatu kuondoa kitu ambacho mwenye kusikiliza alikuwa amekipenda, na katika wiki tatu zote hizo sikumwuliza hata mara moja.

Mpira wa kuchemshwa haudumu. Baada ya wiki tatu, nne, unakumbuka uzee wake na kulegea tena. Basi nyumbani kwetu ikawa kama mwezi unavyoandama: nikichemsha, Bibi anazungumza, siku zinapita, sauti inashuka, anatokea baba yake, nachemsha tena. Nilijifunza kuuliza. "Bibi, nichemshe?" Mara nyingine alisema chemsha. Mara nyingi alisema, "Subiri Jumapili ipite."

Alifariki Januari 1998, wakati wa zile mvua za El Niño. Njia zilikuwa zimekatika, na waliotoka Dar walifika mazishi yamekwisha. Kwa hiyo shangazi, ambaye hakuwahi hata kuuona mwili, alipofika alitaka kitu kimoja: kaseti.

Ninaandika sehemu hii haraka kwa sababu hata sasa siipendi. Usiku kabla ya siku ya kumsikilizisha nilikiandaa kiredio. Kilikuwa kizima. Nilikuwa nimeuchemsha mpira siku chache nyuma, mwendo ulikuwa sawa, kila kitu kilikuwa sawa, na mimi nikataka kiwe sawa zaidi. Kulikuwa na mlio mdogo wa kukwaruza kwenye kipini. Tungekuwa nyumba ya mtu mwenye cherehani ningepata mafuta ya cherehani. Tulikuwa nyumba ya alizeti. Nikachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta ya alizeti, nikapaka kipini tone moja. Mlio ukakoma. Nikalala najisifu.

Mafuta ya alizeti ni chakula kizuri na kilainisho kibaya. Yakikaa hewani yananata, na yalikuwa yameteremka mpaka kwenye kigurudumu cha mpira. Asubuhi, shangazi na kisikio kimoja, baba mdogo na kingine, watu wa matanga wamezunguka, utepe ukafika kwenye kipini, ukapita, ukapita, Bibi akahesabu ng'ombe wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Halafu nikaona uso wa shangazi unabadilika. Utepe ulikuwa umenasa kwenye kigurudumu na kuanza kujiviringa humo humo badala ya kwenda mbele. Kiredio kilikuwa kinamla Bibi.

Nilizima. Nilifungua kifuniko. Kwa vidole nikauzungusha utepe kinyume, sentimita kwa sentimita, watu wamenyamaza. Nyingi ilitoka imekunjamana tu. Lakini kipande kimoja kilikuwa kimesokoteka na kuwa kama uzi, kimekatika pande mbili. Hicho hakikuwa cha kurudi. Nilikata ncha mbili kwa wembe, nikaziunganisha kwa selotepu upande wa mgongo wa utepe, usio na unga wa sumaku, nikapunguza kingo zisizidi. Halafu nikachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu la kaseti nikazungusha mpaka ulegevu ukaisha. Hedi na kigurudumu nikavisafisha kwa spiriti niliyoomba zahanati, na pamba. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, mpaka basi, mpaka magitaa. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu.

Kile kipande nilikipima kwa rula ya shule kabla ya kukitupa, na sijui kwa nini nilikitupa. Sentimita 19. Gawanya kwa 4.76.

Sekunde nne. Bibi huchukua sekunde nne, tano, kumtaja ng'ombe mmoja. Ukisikiliza kaseti leo, anasema walikuwa 12, na ukihesabu kwa vidole unapata 11. Anamaliza wa sita, yule mwenye baka kwenye paji, kinasikika kitu kama kukohoa kwa mbali, ambayo ni selotepu ikipita kwenye hedi, halafu yuko wa nane. Tuliwauliza wazee. Mmoja alisema wa saba alikuwa jike jekundu lililozaa sana. Mwingine alisema hapana, alikuwa dume, na ndiye aliyeleta ugomvi. Wa tatu alisema ng'ombe hawakuwa 12, walikuwa 11 tangu mwanzo na Bibi aliongeza mmoja kwa kujivunia. Huyo wa tatu alikuwa shemeji yake.

Nimetengeneza vitu vingi tangu wakati huo. Sikuwa fundi wa kulipwa, ila nyumbani kwangu kitu hakitupwi kabla sijakifungua. Utaratibu wangu ni ule ule wa mwarobaini: sikiliza kabla ya bisibisi, anzia kwenye chakula, chora ramani ya skrubu, kuku nje. Na kisicholia maumivu sikipaki mafuta. Kaseti nimeihamisha kwenye kompyuta. Niliazima redio kaseti nzima, nikachomeka waya kutoka tundu la hedifoni mpaka tundu la maikrofoni, nikarekodi kwa Audacity, programu isiyouzwa inayoweza kupandisha na kushusha mwendo wa sauti bila kitundu wala skrubu. Unaandika namba tu. Ile skrubu iliyonitesa wiki tatu leo ni kisanduku cha kuandika asilimia.

Mwaka jana nilikuwa Ihanja, na mpwa wangu, mtoto wa dada, akaniletea redio yake. Vijana wanaochunga siku hizi wanatembea na viredio vya memori kadi vimening'inia shingoni, vingine vina kisahani cha sola mgongoni. Nyimbo wanaingiziwa kwa fundi simu, kwa mafungu. Ndani yake hakuna kitu kinachozunguka. Hakuna mota wala mpira wa kuchemsha. Betri mara nyingi ni BL-5C, ile ile ya simu za Nokia za kitochi, na hiyo ni baraka kwa sababu inapatikana kila duka.

"Mjomba, imekufa," alisema.

"Imekufaje? Ilianza kukatakata, au ilizima ghafla?"

Akafikiri. Ilikuwa inazima akiruka mtaro, inawaka akiibana. Basi chakula hakifiki. Nilifungua: moja kati ya ncha za kugusia betri ilikuwa imelala na kupata kutu ya kijani. Niliikwangua kwa kiwembe, nikaisafisha kwa ndimu na kuikausha, nikaiinua kidogo kwa ncha ya sindano. Ikawaka. Nikaona pia tundu la chaji limeng'oka, linahitaji lehemu, na spika imechanika pembeni, inakwaruza sauti za chini. Mkono wangu ulikuwa umeshafuata pasi ya lehemu.

Nikamwuliza.

"Tundu liache, Mjomba. Betri huwa naitoa naichaji kwenye chaja ya kobe." Na spika? Akaibonyeza kwa kidole gumba. "Hiyo nayo iache. Ng'ombe wameshaizoea."

Nikaiacha. Nikafunga skrubu zote nne, kila moja mahali pake. Nilihitaji kitu cha kuijaribia, na kwenye simu yangu nilikuwa na Bibi, basi nikamhamishia kwenye memori kadi yake. Shangazi alikuwa barazani. Ni mzee sasa, kumpita Bibi alivyokuwa siku ile ya kigoda. Alisikiliza mahari ya mama yake ikitoka kwenye spika iliyochanika, mpaka wa sita, kikohozi, wa nane. Kisha akaniambia kwamba Bibi aliwahi kumweleza, miaka hiyo, kuhusu siku mzee alipotokea kwenye mashine. "Mimi nilimkuta babu yangu," alisema. "Nilikuwa mdogo, nakaa magotini pake. Unaweza kumleta?"

Nilifungua kompyuta, nikaandika namba. Ya kwanza hakuitaka. Ya pili alisema mzee hakuwa na usingizi hivyo. Ya tatu alinishika kiganja.

Kwenye memori kadi ya mpwa wangu, katikati ya mamia ya nyimbo, kuna mafaili mawili ya utepe mmoja. La Bibi lina dakika 11. La baba yake lina dakika 15, na ng'ombe 11 vilevile.